Gredi Inayokunyima Usingizi: Mwongozo kamili kwa mtahiniwa wa Mombasa anayeomba chuo kikuu chenye ushindani mkali

Kila mara matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakitangazwa, kuna kijana Majengo, Kisauni au ng'ambo ya Likoni ambaye nyumbani kwao wanampongeza, mama ameshaweka pilau jikoni, naye amejifungia chumbani na simu. Amepata A-. Anachokitazama si ile A-, ni B ya Kemia. Swali lake huwa moja: "Mwalimu, hii B si imeshanifungia?"

Kumwambia asijali hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kujua gredi ile itasomwa na nani, na itasomwaje. Wapo wanaopanga wanafunzi kwa pointi tupu. Wapo wanaokupa nafasi kwa sharti la matokeo yajayo. Wapo wanaosoma faili lako lote, kuanzia shule uliyotoka hadi kazi unazofanya nyumbani. B ile ile inaweza kuwa msiba kwa wa kwanza, isiulizwe kabisa na wa pili, na kwa wa tatu ikawa jambo linaloelezwa kwa sentensi nne. Wengi ninaowaona wakikosa usingizi wanaogopa kanuni za chuo ambacho hata hawakiombi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayelenga juu: udaktari katika vyuo vya umma hapa nchini, Oxford au Cambridge, au vyuo vya Marekani kama Harvard, MIT na Yale. Fuata hatua kwa mpangilio, maana kila moja inategemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Jua anayekusoma

Anza na KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, kwa kuwa karibu kila mtahiniwa mwenye C+ kwenda juu anapitia huko. Ukiomba udaktari Nairobi, Moi au Kenyatta, hakuna atakayesoma insha yako wala barua ya mwalimu. Walioomba kozi moja wanapangwa kuanzia pointi za juu kushuka mpaka nafasi ziishe. Pointi zenyewe ni za klasta: masomo manne yanayohusiana na kozi, yakichanganywa na jumla ya masomo yako saba. Walimu wengi hukadiria hivi: pointi za masomo manne gawa kwa 48, jumla ya masomo saba gawa kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, halafu zidisha kwa 48.

Chukua wanafunzi wawili wa darasa moja, kila mmoja ana A- ya pointi 78. Wa kwanza ana pointi 46 kwenye masomo manne ya udaktari, wa pili ana 43. Piga hesabu: wa kwanza anatoka na 45.28, wa pili 43.78. Mtaani wamelingana, wote "wamepata A minus". Kwa KUCCPS wameachana kwa pointi moja na nusu, na kwa kozi yenye ushindani pengo hilo ni kubwa. Kwa hivyo ukiwa upande huu, acha kuitazama gredi ya jumla. Fanya hesabu ya klasta, linganisha na pointi za mwisho za miaka miwili mitatu iliyopita zilizo kwenye tovuti yao, kisha panga machaguo yako ukianza na unayoitamani na ukimalizia na kozi ambayo pointi zako zinaizidi kwa nafasi ya kutosha. Pointi za mwaka uliopita si ahadi. Hupanda na kushuka kulingana na walioomba mwaka huo.

Uingereza ni habari nyingine. Vyuo vyao vigumu zaidi kwa kawaida haviichukui KCSE peke yake kuwa tosha. Wanataka A-Level, yaani mtihani wao wa mwisho wa sekondari, au IB, mtaala wa kimataifa kama ule unaofundishwa Aga Khan Academy hapa Mombasa, au sifa nyingine inayolingana nazo. Maombi hupitia UCAS, mfumo mmoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza, na kwa Oxford, Cambridge na kozi za udaktari mwisho huwa tarehe 15 Oktoba. Huruhusiwi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Hapo mwalimu wako anatoa gredi za makadirio, chuo kinaangalia makadirio hayo pamoja na mtihani wao na mahojiano, halafu kinakupa nafasi kwa sharti, kwa mfano A*AA au A*A*A. Mtihani wenyewe unaufanya Mei na Juni. Mwenye kuomba huko hana sababu ya kuililia gredi ya kidato cha pili. Ana sababu ya kukaa na mwalimu wake mapema, mwezi wa Mei au Juni, amuulize: "Mwalimu, kwa kazi yangu ya sasa utanikadiria nini, na nikitaka unikadirie juu zaidi kufikia Septemba nikuonyeshe nini?" Muulize kwa adabu, lakini muulize. Makadirio yakishatumwa, huna tena la kufanya juu yake.

Marekani ndiko hofu inakochanganya watu zaidi, na huko ndiko nitakaa kwa muda mrefu. Harvard, MIT na Stanford huchukua chini ya watu 5 katika kila 100 wanaoomba. Ukiisikia namba hiyo unaona kwamba bila A tupu hakuna haja ya kujaribu. Sasa sikiliza namba nyingine. Katika kesi ya jinsi Harvard inavyochagua wanafunzi, iliyoamuliwa na mahakama ya kwanza mwaka 2019, mahakama ilielezwa kwamba mwaka mmoja tu Wamarekani zaidi ya 8,000 walioomba walikuwa na alama kamili za shuleni, na nafasi zote za mwaka wa kwanza hazikufika 2,000. Ina maana kuwa A tupu haimwingizi mtu. Wangeichukua kuwa kigezo cha mwisho, wangebaki na maelfu wasiojua wawapeleke wapi. Gredi inawasaidia kujibu swali moja: huyu akija, ataweza masomo yetu? Wakisharidhika, wanahamia kwa mengine, na hapo mwenye B moja na asiye na B wanakaa meza moja.

Sisemi gredi si kitu. Mwenye C katika Hisabati anayeomba uhandisi MIT atakuwa anapoteza muda, na ni haki yake kuambiwa hivyo mapema. Nasema kwamba umbali kati ya A na A-, ule unaokutoa machozi, kwa msomaji wa faili ni mdogo kuliko unavyodhani.

Hatua ya 2: Andika gredi yako pamoja na mwaka wake na shule yake

Chukua karatasi. Andika gredi za masomo yote, na chini yake andika mambo matatu: mwaka uliofanya mtihani, watu wangapi nchini walipata A mwaka huo, na shule yenu ilipata A ngapi.

Kwa nini? Kwa sababu A ya KCSE haijawahi kuwa na uzito mmoja. Mwaka 2015 watahiniwa 2,685 walipata A. Mwaka uliofuata, chini ya waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, udanganyifu ulibanwa na usahihishaji ukabadilika, A zikawa 141 nchi nzima. Mwaka 2017 zilikuwa 142. Zikapanda polepole mpaka 1,146 mwaka 2022, 1,216 mwaka 2023, na 1,693 mwaka 2024 kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000. Mwenye A- mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora kabisa nchini. Ukimweka kando ya mwenye A- wa 2015 bila maelezo, unamdhulumu.

Msomaji wa faili aliyeko Harvard au Yale anapokea maombi ya Kenya kila mwaka, na wengi wao wanajua kwamba A za KCSE ni chache. Lakini shule yako huenda hajawahi kuisikia. Maombi ya Marekani yana sehemu ya shule kujieleza: wanafunzi wangapi, wanafanya mitihani ipi, matokeo ya jumla yalikuwaje. Shule nyingi zetu za kutwa hazina karatasi hiyo tayari. Usisubiri. Andika rasimu ya ukurasa mmoja, umpelekee mwalimu mkuu au naibu wake airekebishe na kuitia sahihi na muhuri. Weka humo idadi ya watahiniwa, gredi ya wastani ya shule, wangapi walipata B+ kwenda juu, kama mna maabara inayofanya kazi, na kama wewe ulikuwa wa kwanza au wa tatu. A- ya mwanafunzi wa kwanza katika shule ambayo wastani wake ni D+ ni habari kubwa, na hakuna atakayeijua usipohakikisha imeandikwa.

Hatua ya 3: Tenga gredi inayouma na gredi inayodhuru

Haya mawili hayafanani. Inayouma ni ile uliyoitarajia ikakukosa. Inayodhuru ni ile inayogusa moja kwa moja kozi unayoomba. B ya Dini kwa anayetaka uhandisi inauma tu. B- ya Fizikia kwa mtu huyo huyo inadhuru, na inahitaji kujibiwa kwa ushahidi mwingine: alama nzuri ya Hisabati kwenye SAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vya Marekani kupima waombaji, mradi wa kisayansi, nafasi nzuri katika mashindano ya Hisabati, barua ya mwalimu wa Fizikia anayeweza kusimulia unavyofanya kazi.

Kama unaamini kuna kosa katika usahihishaji, yaani somo ulilokuwa ukipata A miaka minne limetoka na C, zungumza na mkuu wa shule mara moja. Ombi la kupitiwa upya hupelekwa KNEC, baraza la mitihani la taifa, kupitia shule, na muda wake ni mfupi, takriban mwezi mmoja baada ya matokeo. Lakini usiombe kwa sababu tu umepata A- badala ya A.

Na kurudia mtihani? Kwa mwenye B+ kwenda juu anayelenga Marekani, maoni yangu ni hapana. Mwaka mzima wa kurudia kidato cha nne ni mwaka ambao ungeutumia kwa SAT, insha na kazi yenye maana. Kwa anayelenga udaktari kupitia KUCCPS pekee na amekosa kwa pointi nyingi, ni jambo la kukaa na wazazi na kulipima, na kozi nyingine za afya ziwekwe mezani pia.

Hatua ya 4: Panga mwaka wako kwenye ukuta

Mtahiniwa wa KCSE ana bahati ambayo wengi hawaioni. Mwenzake wa Marekani anaomba chuo akiwa bado darasani, gredi za mwisho hana. Wewe ukisubiri mwaka mmoja baada ya matokeo, unaomba huku gredi zako ziko mkononi na huna mtihani mwingine wa shule unaokutisha. Wakenya wengi walioingia vyuo hivyo walipitia njia hii.

Ratiba inakuwa hivi. Januari hadi Machi: matokeo, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, kuanza mazoezi ya SAT, kutafuta mradi wa kukusimamia. Mei au Juni: SAT ya kwanza. Agosti au Oktoba: ya pili ikihitajika. Septemba: barua za walimu. Tarehe 1 Novemba: maombi ya mapema kwa vyuo vingi. Siku za kwanza za Januari: maombi ya kawaida. Machi mwishoni: majibu. Agosti: safari.

Kuna tahadhari moja. Katikati ya mwaka huo KUCCPS itakuwa imekupangia chuo. Vyuo kadhaa vya Marekani vikiona umeshasoma mwaka mmoja chuoni, vinakuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na sheria za hao ni tofauti, mara nyingi ngumu zaidi na zenye pesa kidogo. Soma sharti la kila chuo unachokiomba kabla ya kuanza masomo. Ukiamua kusubiri, andikia ofisi ya msajili ya chuo ulichopangiwa kuomba kuahirisha, na uhifadhi jibu lao.

Tafuta pia wanaosaidia bure. KenSAP inasaidia Wakenya wenye gredi za juu na familia zisizo na uwezo kuomba vyuo vikubwa vya Marekani. Zawadi Africa inawasaidia wasichana. Benki ya Equity ina programu ya viongozi inayochukua vinara wa KCSE na kuwaongoza katika maombi ya ng'ambo. EducationUSA, chini ya ubalozi wa Marekani, hutoa ushauri bila malipo, na mengi yanapatikana mtandaoni. Mtu anayekuomba maelfu ya shilingi akikuhakikishia nafasi Harvard ni mwizi. Hakuna binadamu anayeweza kuihakikisha nafasi hiyo.

Hatua ya 5: Majina, halafu SAT

Hili la majina linaonekana dogo, lakini hapa Pwani linawasumbua wengi. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, karatasi ya matokeo Mohammed, kitambulisho cha baba Muhammad. Mmoja ana majina matatu kwenye KCSE na mawili kwenye pasipoti. Siku ya SAT jina ulilojisajili nalo lazima lilingane na la pasipoti utakayoibeba. Panga nyaraka zote mezani, soma herufi kwa herufi, na kama zinatofautiana anza kurekebisha mwezi huo huo wa matokeo. Pasipoti inaombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na picha na alama za vidole hapa huchukuliwa kwenye ofisi ya uhamiaji iliyoko jumba la Uhuru na Kazi. Beba vitambulisho vya wazazi wote wawili na, kwa familia nyingi za kwetu, usishangae ukiulizwa vya babu na bibi. Vitafute kabla hujaulizwa.

SAT yenyewe sasa hufanywa kwa kompyuta, saa mbili na dakika 14, maswali 98, alama ya juu kabisa 1600. MIT walirudisha sharti la mtihani huu mwaka 2022, Harvard nao wakafuata. Vipo vyuo vingine visivyolazimisha, kwa hivyo angalia kwenye tovuti ya kila kimoja kwa mwaka wako. Mazoezi kamili yanapatikana bure Khan Academy na ndani ya programu ya Bluebook ambayo ndiyo utakayofanyia mtihani. Huna kompyuta? Ongea na mwenye saiba wa mtaani akuachie mashine asubuhi wakati wateja ni wachache, au mwombe mwalimu mkuu ufungue maabara ya kompyuta ya shule Jumamosi. Nafasi kwenye vituo huisha mapema. Ikiwa Mombasa hakuna, jisajili Nairobi na upande treni ya SGR siku moja kabla, usisafiri usiku ukaingia kwenye mtihani ukiwa na usingizi.

Mwanafunzi wa KCSE kwa kawaida Hisabati ya SAT haimshindi. Kinachomsumbua ni sehemu ya kusoma na kuandika, kwa sababu vifungu ni vifupi na maswali yanataka jibu moja la haraka, si maelezo marefu kama ya Karatasi ya Tatu. Tenga theluthi mbili za muda wako huko.

Hatua ya 6: Eleza gredi bila kuilalamikia

Katika maombi kuna sehemu ya maelezo ya ziada. Hapo ndipo gredi iliyoshuka inapoelezwa, wala si kwenye insha kuu. Insha kuu haizidi maneno 650, na ukiyatumia kujitetea juu ya B, msomaji atamaliza anaijua B yako na wewe hakujui.

Kanuni ni kwamba eleza kilichotokea, kilidumu muda gani, kiliathiri nini, na baadaye ikawaje. Maneno ya hisia yapunguze. Linganisha maelezo haya mawili, ambayo wewe utayaandika kwa Kiingereza:

"Kidato cha tatu kilikuwa kipindi kigumu sana kwangu na familia yangu, na hii iliathiri masomo yangu, lakini mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na sikati tamaa."

Na la pili: "Muhula wa pili wa kidato cha tatu baba alilazwa wiki sita. Nilikuwa nikifungua duka letu Likoni kabla ya alfajiri, nikivuka kwa feri kwenda shule, na kulifunga baada ya isha. Fizikia ilishuka kutoka A hadi B-. Baba alirudi kazini Septemba. Muhula uliofuata nilipata A-, na katika KCSE nilipata A."

La kwanza lingeweza kuandikwa na mtu yeyote. La pili lina duka, feri, wiki sita, na ushahidi wa kupanda tena. Mpe mwalimu anayekuandikia barua habari hizi pia, athibitishe kwa maneno yake.

Na kama huna sababu? Kama ulipata B kwa kuwa somo lilikuwa gumu, basi usitengeneze ugonjwa wala msiba. Kaa kimya juu ya gredi hiyo, ujaze nafasi yako kwa mengine. Uongo wa namna hii hugunduliwa pale barua ya shule inaposema tofauti, na chuo kina haki ya kukunyang'anya nafasi hata baada ya kukupa.

Kuhusu hayo "mengine", vijana wetu hujidharau. Fomu ya Common App, ambayo hutumika kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja, ina nafasi kumi za shughuli. Namuuliza mtu, anasema hana kitu, hakuwahi kuwa kiranja. Nikimbana kidogo, ndipo ninapoambiwa kwamba kila jioni anafundisha watoto madrasa, anamsaidia mama kukaanga viazi karai na kuweka hesabu za mauzo, anatafsiria bibi yake maelezo ya daktari hospitalini. Zote hizo zinaandikwa. Fomu yenyewe inakubali majukumu ya nyumbani na kazi ya kipato. Andika saa kwa wiki na wiki kwa mwaka, na useme ulichokifanya hasa: "Nafundisha watoto 25 kusoma, saa nane kwa wiki" ina nguvu kuliko "napenda kusaidia jamii".

Hatua ya 7: Pesa zisikufanye uogope gredi zaidi

Wapo wanaowaza kwamba maskini lazima awe na A tupu ili asaidiwe. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth huamua juu ya mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wa familia yake, kisha aliyekubaliwa hulipiwa kiasi chote kinachopungua. Si tuzo ya gredi. Kwingine, uhitaji mkubwa wa pesa unaweza kuhesabiwa wakati wa kuamua, kwa hivyo soma sera kabla ya kuongeza chuo kwenye orodha. Fomu za pesa zina tarehe yake, usiichanganye na ya maombi. Baba akiwa mvuvi au mchuuzi asiye na karatasi ya mshahara, andika barua ya makadirio ya mapato ya mwezi, ipate sahihi ya chifu. Ada ya maombi nayo inaweza kusamehewa ukiomba.

Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Umefanya yote hayo na bado saa tisa usiku macho yako wazi. Basi weka mipaka. Kupiga hesabu za klasta upya kuna siku yake moja kwa wiki. Makundi ya simu ambamo watu wanatajiana alama za SAT, ondoka mpaka uwe umetuma maombi. Mazungumzo na wazazi yapange mwenyewe: "Mama, maombi yametoka, majibu ni Machi. Nikiwa na habari nitakuja mwenyewe nikwambie." Ukishamwambia hivyo, hatakuuliza kila baada ya chakula. Ami au shangazi anayekulinganisha na binamu aliyeko Malaysia jibu lake ni "Inshallah, niombee dua," na mazungumzo yanaishia hapo.

Ukiona huli, hulali kwa wiki kadhaa, au unafikiria kujidhuru, hayo si mambo ya chuo tena. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii. Namba 116 ya Childline Kenya haina malipo, na 1199 ya Msalaba Mwekundu pia.

Hatua ya 9: Usiku wa majibu na wiki zinazofuata

MIT hutoa majibu tarehe 14 Machi saa 12 na dakika 28 jioni kwa saa zao, ambayo kwetu ni saa saba na dakika 28 usiku wa kuamkia tarehe 15. Vyuo kama Harvard na Yale hutoa mwishoni mwa mwezi huo, nako huku mara nyingi inakuwa saa nane usiku. Amua mapema utafungua na nani. Kama unajua hutaweza kubeba jibu gizani peke yako, zima simu ulale, ufungue baada ya alfajiri dada au mama akiwa karibu.

Ukikubaliwa, linganisha barua za pesa kwanza, kisha jibu kabla ya tarehe 1 Mei. Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, thibitisha kuwa bado unaitaka nafasi na utume ukurasa mmoja wenye jambo jipya kama lipo. Ukikataliwa kote, andikia msajili wa chuo ulichoahirisha, wiki hiyo hiyo, kwamba unaripoti mwaka huu. Ambatisha barua ya kuahirisha, nakala ya cheti cha KCSE na namba yako ya KUCCPS. Cheti halisi kiwe kimeshachukuliwa shuleni. Kama kimezuiliwa kwa sababu ya karo, mkumbushe mkuu wa shule kwa heshima, ukiwa na mzazi, kwamba serikali imekwisha kuwaonya wakuu wa shule wasizuie vyeti, na mkikwama nendeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kabla Aprili haijaisha.